Buti za Papa mu Matope

Fortunée,

Mvua ikianza, funga muzuri bâche, ile turubai ya remorque yetu tunalala ndani. Ongeza majiwe chini ya magurudumu, matope isitusukume mu mufereji. ~~Parrain wako Dodo akikuja, umupe chai.~~

Hapana. Usimufungulie, hata kama ni yeye alikushika ku ubatizo.

Leo asubuhi minye niliona alama za buti mu matope, mpaka ku mulango wetu. Ku kisigino iko ile mukato papa yako alikata na kisu, juu bantu basimwibie buti ku kazi. Tuliziacha mu nyumba yetu ya zamani siku balitufukuza. Dodo alituapia kama nyumba yote iliungua, na kila kitu ndani.

Minye nakimbia ku gare ya treni, kumurudisha papa yako. Alishaenda kule. Dodo alimwambia treni iko, akuje peke yake.

Mama