Petroli ya Dumu Jekundu

Waynoka, Oklahoma
Novemba 10, 2024

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo, Baba. Natumaini barua hii imekukuta umeketi kwenye kiti chako cha karibu na dirisha, na kwamba baridi ya Pueblo haijaanza kukusumbua nyonga. Marla ameniambia macho yako sasa yanapambanua mwanga na vivuli tu, na kwamba yeye ndiye anayekusomea. Basi nawe Marla, mdogo wangu, nakusalimu. Soma polepole, tafadhali, na ukifika mahali utakapotaka kuruka, usiruke.

Mimi ni mzima. Kazi ya kuchomelea ipo ya kutosha, mabomba na mageti, na mgongo wangu bado unakubali kuinama. Kaburi la Mama nimelisafisha wiki iliyopita. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu wewe husema "haya, haya" halafu unampa Marla, na habari niliyo nayo haitoshi kwenye haya mbili.

Baba, nimeipata mashine yako.

Mwezi wa Agosti niliitwa kwa Bi Lottie Krehbiel, nje ya Enid, nikamchomelee geti la zizi. Nilipomaliza aliniomba nimsaidie kutoa nyasi kavu zilizooza kwenye banda la marehemu mumewe. Chini ya zile nyasi nikagusa gurudumu, kisha usukani. Ilikuwa pikipiki ya magurudumu manne, nyekundu iliyopauka. Niliinama nikatazama pale pa kukanyagia mguu wa kushoto, nikaona mshono wa kuchomelea uliopindapinda kama mdudu anayetambaa. Wewe ulikuwa fundi wa injini, Baba, lakini kuchomelea hukujua, na mshono mbaya namna ile ni mmoja tu duniani. Nikakaa chini kwenye vumbi. Bi Lottie akadhani nimepata kizunguzungu, akaniletea chai ya barafu.

Aliniambia mumewe aliinunua kwako mwaka ule ule wa ajali yako kilimani, akiwa na nia ya kuitengeneza, halafu kila alipoitazama aliogopa. Akasema nisimlipe, geti limetosha. Juu ya fremu palifungwa kopo la kahawa kwa waya, na Bi Lottie akasema ndani yake mna pistoni ya zamani. Nilijua ni ile ya siku ya ajali. Sikulifungua kopo mbele yake.

Nikaipeleka kwa Delmar Yoakum, ambaye bado ana karakana karibu na reli. Unamkumbuka alivyokuja kwako na mikono laini, hajui hata kushika spana, ukamfundisha kila kitu. Sasa ana mvi kuliko mimi. Alipoiona alivua kofia kama mtu aliyeingia kanisani. Najua unataka habari zote, kwa hiyo nakupa: silinda imechongwa upya, pistoni mpya, ringi mpya, beringi za chini zote, sili zote za mpira. Nyigu walikuwa wamejenga ndani ya eksozi mpaka mwisho. Ilituchukua siku nzima kuitoa ile nyumba yao. Kabureta tuliichemsha. Oili, ambayo injini hii huipata ndani ya petroli tu, nilichanganya mwenyewe, moja kwa thelathini na mbili, nikiitingisha na kuhesabu kama ulivyotufundisha.

Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, ya tatu, kimya. Ya saba ikakohoa. Ya nane ikawaka, Baba, ikalia ule mlio mwembamba ambao sikuwa nimeusikia kwa miaka thelathini, na moshi wa samawati ukajaa karakana na ile harufu tamu ya oili inayoungua. Delmar alifumba macho. Mimi nywele zilinisimama mikononi. Hizi mashine za siku hizi zinanguruma kama malori. Ile ya kwako inalia kama kitu chenye roho.

Jumamosi iliyopita, jua linachomoza, tukaipeleka kwenye vilima vya mchanga. Ungecheka kuona watu wanachopanda sasa. Wamekuja na magari ya michanga yenye paa, viti vinne, mikanda na redio. Nilipowasha, mama mmoja wa kutoka Texas alinijia mbio kuniuliza kama kitu changu kinaungua. Delmar akamwambia hapana, mama, kinapumua.

Nikafunga bendera ya usalama nyuma, nikaelekea kwenye kile kilima kirefu, Mgongo wa Nyumbu.

Sijui nikwambieje kitu unachokijua kuliko mimi. Pale chini ilikwenda kwa adabu, kama cherehani. Nikaongeza mafuta, ikaendelea na adabu zake. Halafu, katikati ya gia ya tatu, kitu kikafunguka. Sikukifungua mimi. Ilikuwa kama mtu amenishika ukosi wa koti akanivuta juu. Magurudumu ya mbele yakaacha kugusa mchanga. Nilisikia mchanga wa nyuma ukipanda hewani kama maji, na kilima chote, ule ukuta ambao utotoni nilidhani unagusa mbingu, kikawa kinakuja kwangu badala ya mimi kukiendea. Nilisahau kuogopa. Nilisahau jina langu. Gia ya nne, ya tano, kisha ghafla hapakuwa na mchanga mbele, palikuwa na anga.

Nikageuza juu ya ukingo kama ulivyokuwa ukifanya, nikazima. Upepo tu. Mto Cimarron ulikuwa kama uzi huko mbali, na michanga yote chini ilikuwa na rangi ya kaa la moto, mistari juu ya mistari, haina unyayo hata mmoja. Nimeishi kilomita nane kutoka pale maisha yangu yote, na nilikuwa sijapaona. Nilijiona mdogo kama punje, na nilifurahi kuwa mdogo. Nikaelewa ulichokuwa unakifuata kila Jumamosi huku sisi tunadhani unatukimbia. Nilikaa pale mpaka injini ikapoa.

Niliposhuka, watu walikuwa wamekusanyika. Skeet Bonham, yule mtani wa mji mzima, alikuwepo, amekaa kwenye kiti cha kukunja na tumbo lake na bakuli la mchuzi wa nyama wenye pilipili. Bado mdomo ule ule. Akapaza sauti watu wote wasikie: "Kumbe Bila Oili alizaa mtu anayekumbuka oili!"

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Wengi wao hata hawakujui, wanalijua tu hilo jina. Miaka thelathini mji huu umekuita Hollis Bila Oili, fundi mkubwa aliyesahau kuchanganya oili kwenye petroli yake mwenyewe. Nawe ulilikubali. Uligawa spana zako, ukaenda kupima magunia ya ngano kwenye ghala mpaka ulipostaafu, na injini hukuigusa tena.

Wiki mbili kabla, Delmar alikuwa amefungua lile kopo la kahawa. Aliigeuza pistoni mkononi, ikiwa na mikwaruzo pande zote nne, akasema taratibu, "Hii ilikufa kwa kiu ya oili." Halafu akasema kitu kimoja tu kinamsumbua: katika miaka yote aliyokaa kwenye benchi lako hajawahi kukuona umesahau. Niligeukia kabureta nikaendelea kuisafisha. Lakini pale chini ya kilima, wale watu wakicheka, nilivua helmeti nikazungumza.

Sasa nakwambia wewe niliyowaambia wao. Marla, soma.

Baba, hukusahau. Ulichanganya vizuri usiku wa kuamkia siku ya ajali, kwenye dumu la bluu, na ukajaza tangi. Alfajiri, wewe na Mama mkiwa mmelala, mimi niliisukuma mashine mpaka barabarani nikaiwasha. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na ulikuwa umenikataza mara mia. Nilikwenda nayo mtoni na kurudi, mara tatu. Niliporudi tangi lilikuwa nusu, na dumu la bluu lilikuwa tupu. Niliogopa utajua. Nikachukua dumu jekundu, lile la petroli tupu ya mashine ya kukatia nyasi, nikamimina mpaka juu. Nilijua haina oili. Nilijiambia kwamba ile iliyobaki chini itatosha.

Saa nne asubuhi ile ulipanda Mgongo wa Nyumbu. Nilikuwa nimesimama chini na Mama. Nilisikia mlio ukikatika kabla hujafika juu, nikajua, kabla hujaanguka nikajua. Mashine ilikuviringikia mara mbili. Hospitalini ulipomwambia Mama, "Nimesahau oili, Opal, sijui nilikuwa wapi kichwani," nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda chako, nimeshika viatu vyako. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Kesho yake ikawa vigumu zaidi. Kisha zikawa kesho nyingi.

Skeet aliweka bakuli lake chini. Halafu akasema, "Mimi ndiye niliyempa lile jina." Ameniomba anwani yako. Sijui atakachoandika. Delmar aliniambia nimechelewa miaka thelathini na nimeanza na watu wasiostahili kuwa wa kwanza kusikia, na yote mawili ni kweli.

Siombi unisamehe kwa njia ya barua. Sikukuu ya Shukrani nitakuja Pueblo, na mashine juu ya trela. Nitasimama uani. Ikiwa hutaki kuniona, mwambie Marla afunge pazia, nitaelewa, nami nitageuza bila kupiga honi. Pazia likiwa wazi, nitaishusha na kupiga kiki.

Tena kuna shida ya kweli. Huko mko juu milimani na hewa ni nyepesi. Kabureta iliyorekebishwa kwa hewa ya hapa haitafanya kazi vizuri huko. Delmar amejaza boksi dogo la sindano na vipuri vya kabureta, lakini anasema kipi kiingie haijulikani kwa kusoma kitabu, inajulikana kwa sikio, na kwamba sikio hilo analijua moja tu. Mimi nitashika spana. Wewe weka mkono juu ya tangi, usikilize, uniambie.

Msalimie sana mume wa Marla na wote wa hapo nyumbani. Mungu akulinde mpaka nifike.

Ni mimi binti yako,
Twyla