Namba Nane Amelala Kwenye Kochi

3 Juni

Baba,

Shikamoo. Hujambo? Goti linasemaje? Najua mama ndiye posta wetu, barua zetu tunazipiga picha na zote zinapita kwenye simu yake, kwa hiyo hii ataisoma yeye kwanza. Mama, shikamoo nawe, na nakuomba umpe baba simu aisome mwenyewe. Usimsomee kwa kuruka mistari. Ningepiga, lakini baba kwenye simu husema "haya, haya" halafu anakupa wewe. Kwenye karatasi angalau huwa anafika mwisho wa sentensi.

Mimi mzima wa moyo, kifundo cha mguu ndicho kibovu. Msimu wa klabu huku ugenini umekwisha juzi na nimeumaliza nikishuka ngazi kinyumenyume kila asubuhi, maana nikishuka kawaida mguu unakataa. Daktari wa klabu amenionyesha picha. Kuna vipande vya mfupa vinavyozurura ndani ya kiungo, na kano ya upande wa nje imelegea. Anataka kunipasua mwezi huu huu wa mapumziko ili nipone kabla ya msimu mpya. Anasema nikicheza tena bila kupasuliwa, siku moja nitatua vibaya na itakuwa basi.

Sasa sikia tatizo. Kocha wako, nikiwa na maana ya bosi wako na wangu, ameniita kambini. Mechi za kufuzu za mpira wa kikapu ni Julai. Nilipomwambia habari za upasuaji alinijibu kwa mstari mmoja: "Asiyekuwepo na lake halipo. Safari hii usipokuja, timu ya taifa uisahau."

Baba, wewe unafanya naye kazi kila siku. Anatania? Nimeivaa jezi ile tangu nikiwa na miguu kama fito, na sitaki kuipoteza kwa sababu ya vijiwe. Niambie la kufanya.

Binti yako

7 Juni

Mlingoti wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Goti langu linalalamika lakini linaenda kazini, tofauti na watu fulani ninaowajua pale shirikisho. Mama yako anakusalimu, na amekasirika kuambiwa anaruka mistari. Anasema anaruka ile isiyo na maana tu.

Kocha hatanii. Tangu nianze kutunza vifaa vya timu hii sijamsikia akitania hata mara moja. Jana alikuja stoo, akakaa juu ya gunia la mipira niliyokuwa nimemaliza kuijaza upepo, akaniambia, "Mzee, mwandikie mwanao. Mwambie aje, bandeji zipo, tutamfunga vizuri." Nikamjibu nitakuandikia. Sasa ninakuandikia, kwa hiyo ahadi yangu nimeitimiza.

Nenda ukapasuliwe.

Bandeji hizo mwaka jana nilikufunga mimi, na niliona ulivyong'ata taulo ili wenzako wasisikie. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa mguu hakuna fundi anayeujenga. Nafasi yako nayo itaniuma, sitakudanganya. Jina lililo mgongoni mwa jezi ile ni langu pia, na kila nikiianika huwa naigeuza upande wa jina uelekee barabarani. Watu wapite wasome. Lakini nataka binti anayeshuka ngazi akitazama mbele.

Kocha akinuna, aninunie mimi. Nimezoea, nina mke.

Baba yako

(Mama hapa. Hilo la mwisho nimeliona. Mwanangu, msikilize baba yako kwa mguu, mengine achana naye.)

20 Juni

Baba na posta wako,

Shikamooni. Nimepasuliwa na nimeamka. Daktari amevitoa vile vijiwe na kanionyesha ndani ya kichupa, vidogo kama punje za mchele. Nilitegemea niaibike kwa kuteswa na vitu vidogo hivyo lakini nilicheka tu, dawa za usingizi zilikuwa bado kichwani. Kano ameikaza. Mguu umefungwa hadi chini ya goti na umelazwa juu ya mito, mimi mwenyewe nimelazwa kwenye kochi ambalo miguu yangu inalipita. Mchezaji mwenzangu wa klabu hunipikia, kisha anakula yeye sehemu kubwa. Magongo waliyonipa ni mafupi, basi natembea nimeinama kama mtu anayetafuta sindano.

Nilimwandikia kocha kumweleza kwamba nimechagua upasuaji na kwamba nikipona nitakuwa tayari akinihitaji. Ameusoma ujumbe. Hajajibu.

Mama aliniponyokea kwenye simu kwamba yupo mpya aliyeitwa kambini nafasi yangu, mfupi, anaitwa Kiroboto. Nilipomuuliza zaidi akasema sufuria inaungua. Baba, usinifiche. Ni nani? Anacheza vipi? Namba amepewa ipi?

Binti yako

13 Julai

Baba,

Shikamoo. Natumaini mko wazima. Mimi sijambo, ila nimesubiri jibu lako mpaka nimechoka, na sasa naona kwa nini hukuandika.

Jana nilikaa mapema mbele ya televisheni. Nilijiambia nitawashangilia kama mtu mzima. Timu ikaingia, na nani nikamwona anaingia nyuma ya nahodha? Mimi. Namba nane, jina letu mgongoni, limemfika kiunoni maana mwenye kulivaa ni kibeti. Mtangazaji akaanza: jina langu kapiga pasi, jina langu kadunda mpira, jina langu anafunga. Watu wazima wakashangilia jina langu, nami nimelala kwenye kochi na mguu juu ya mito.

Meneja wa klabu alipiga simu kabla hata ya mapumziko. Alikuwa ameona matokeo kwenye mtandao, jina langu likiwa na pointi kumi na nane. Nikamwapia kwamba niko nyumbani, akasema "ndivyo wanavyosema wote." Daktari alitumwa hapa mlangoni. Alifunua shuka, akautazama mguu, akautazama tena, akaomba samahani na akanywa chai yangu. Hapo nilicheka. Lakini alipoondoka sikucheka tena.

Baba, kunitoa kwenye timu ni haki ya kocha. Kumpa mtu jezi yangu hata bila kubandua jina, hapo ni kunifuta kwa kutumia jina langu mwenyewe. Na hakuna jezi inayotoka stoo bila kupita mikononi mwako. Wewe ndiye unayefunga mabegi. Kocha amekulazimisha, au ulikubali tu? Niambie ukweli. Nimeumia kuliko alivyoniumiza daktari.

Binti yako

19 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, tumerudi jana. Tangu katikati ya Juni nimelala kambini, kisha safarini; posta wangu alibaki nyumbani, nami simu yangu ni ya kupiga na kupokea tu, ndiyo maana barua zako mbili nimezikuta zinaningoja. Nimesoma ya pili nikiwa sijavua hata viatu. Mama yako hakuruka mstari wowote, alinisimamia kama askari.

Kocha hakunilazimisha. Nilikosea mimi. Sikia ilivyokuwa.

Unajua ninavyofunga begi. Sitazami karatasi wala majina. Mkono unajua njia: kwanza ya kwako, halafu ya nahodha, halafu wengine kadiri walivyoingia kwenye timu. Tangu uanze kuitwa, ya kwako ndiyo inatangulia chini kabisa ili isikunjike. Usiku wa kuondoka mkono ukaenda njia yake. Jezi zikatimia kumi na mbili, nikafunga zipu nikajiona mfanyakazi hodari. Jezi mpya ya Kiroboto ilibaki kwenye kamba nyuma ya stoo, inakauka.

Nilijua kwenye chumba cha kuvalia. Nilifungua begi mbele ya wote, nikatoa ya kwako, nikaishika. Kocha akaniangalia. Kiroboto alikuwa ameketi na singlendi ya mazoezi, mikono mapajani, anangoja. Wasimamizi wa mashindano wakakubali kubadilisha namba yake kwenye orodha kabla ya filimbi, lakini jina ningelitoaje? Nilijaribu kwa wembe. Limechapwa, halikushonwa, ningeharibu kitambaa. Kocha alinisema pale pale, mbele ya mabinti, maneno ambayo posta wangu hatayapiga picha. Alikuwa na haki.

Yule mtoto aliogopa kuivaa. Aliniuliza, "Mzee, mwenyewe hatakasirika?" Nikamwambia mwenyewe ana moyo mkubwa. Sasa nimesoma barua yako, nimejua nilimdanganya kidogo. Nisamehe mwanangu. Hakuna aliyetaka kukufuta. Baba yako alikupakia kwenye begi kwa sababu hajui kusafiri na timu hii bila wewe.

Tumeshinda mbili, tumepoteza moja. Raundi ya mwisho ni Oktoba. Kuhusu wewe kocha hajasema neno.

Baba yako

2 Agosti

Baba,

Shikamoo. Nimekusamehe, tena nimecheka mpaka mguu ukalalamika. Mchezaji mwenzangu alitaka kujua kuna nini, nikamtafsiria barua yako, akasema na yeye anataka baba wa namna hiyo. Nimemwambia ni mmoja tu na anatumika.

Nami nikuambie jambo. Siku ile nilimwombea Kiroboto akose. Nilimwombea kwa sauti, hapa kwenye kochi. Lakini dua la kuku halimpati mwewe, akafunga pointi zote zile. Niliona wivu, baba, wivu mkavu, kama wa mtoto aliyezaliwiwa mdogo wake.

Baadaye, kwa kukosa kazi, nikazitazama mechi zote tatu upya. Ni mzuri. Nimejaribu kukataa nimeshindwa. Ila ile tuliyopoteza, wapinzani walimgundua: kila mara walimziba kulia wakamsukumia kushoto, na akidunda kwa mkono wa kushoto anautazama mpira. Hapo ndipo walipomnyang'anya. Mwambie atazame kiuno cha anayemkaba, asitazame mpira, mpira hauendi popote. Na akibanwa pembeni asiruke ndipo atafute wa kumpa. Atafute kwanza, aruke baadaye. Mimi mambo hayo yalinichukua misimu miwili, sioni kwa nini naye ahangaike.

Mguu unapona. Nasimama nao peke yake nikipiga mswaki, na mtaalamu wa viungo amenifundisha kuokota taulo kwa vidole. Nashuka ngazi nikitazama mbele.

Binti yako

30 Agosti

Mlingoti wangu,

Marahaba. Wote wazima, na leo nina habari, kwa hiyo salamu zitakuwa fupi.

Maneno yako nilimpelekea Kiroboto. Alinisikiliza akiwa amesimama, kisha akanifanya niwe mkabaji wake pale kwenye korido ya stoo, na goti langu hili. Wiki nzima amekuwa akifanya hivyo kabla ya mazoezi. Alhamisi kocha akamziba kulia kwa makusudi, mtoto akapita kushoto kama mlango umeachwa wazi. Kocha akapuliza filimbi. "Nani amekufundisha?" Naye kwa hofu akasema, "Mzee wa stoo."

Kocha alikuja stoo. Nikamweleza ukweli, nikamsomea na barua yako, ule upande wa mchezo. Ule wa wivu niliuruka, nimejifunza kwa mama yako. Alichukua mpira, akaubonyeza kuona kama una upepo, akaurudisha, akaondoka. Nikajua mambo yamekwenda mrama.

Leo asubuhi amerudi. Amesimama mlangoni bila kuingia. "Mzee, Oktoba chapa jezi kumi na tatu." Nikamwambia wachezaji ni kumi na wawili. Akasema, "Najua kuhesabu." Nikamuuliza ya kumi na tatu ni ya nani. Akasema, "Kwani wewe si baba yake? Muulize anataka namba gani. Aje na karatasi ya daktari. Mpaka daktari wake aseme ndiyo, hachezi; anakaa benchi karibu nami na kuniambia anachokiona."

Kisha akageuka kuondoka, akarudi hatua moja. Akasema, "Na mwambie niliusoma ujumbe wake. Sikujua nimjibu nini."

Mwanangu, nilifunga mlango wa stoo nikalia. Usimwambie mama yako.

Nijibu upesi kuhusu namba, fundi wa kuchapa anasubiri. Nane bado ni yako ukiitaka, nimemuuliza Kiroboto na amesema ataivua hata leo.

Baba yako

(Mama hapa. Nimeona. Hata mimi nililia, lakini jikoni, bila kufunga mlango.)

4 Septemba

Baba, mama,

Shikamooni. Barua yenu niliisoma uwanjani, nikiwa nimekaa chini nafunga kamba za viatu vya kukimbilia kwa mara ya kwanza. Daktari ameniruhusu kukimbia taratibu, kwa mstari ulionyooka tu. Niliisoma, nikaimaliza, nikakimbia. Nilikimbia huku nalia, na mtaalamu wa viungo akauliza ni mguu? Nikamwambia siyo mguu.

Nane asiivue. Ameitolea jasho, na watu wameshamzoea nayo. Mchapie nyingine namba ile ile, yenye jina lake mwenyewe, ili mtangazaji naye ajue anamwita nani. Mimi nipe namba yoyote itakayobaki mkishagawana. Mgongoni andika jina lako, kubwa, lisomeke hata kwa anayepita barabarani.

Mwambie kocha karatasi ya daktari nitakuja nayo. Na mwambie hakuhitaji kujua cha kujibu, angesema "njoo" tu.

Nakuja.

Binti yenu