Kinasa Sauti Chenye Taa

Jumatatu, 4 Machi

Mteja amerudisha filamu ya tatu. Ya tatu! Mvumo umefunika nusu ya maneno, na pale mwalimu tuliyemhoji alipocheka sauti imepasuka kabisa. Dada, bosi wetu, amekilaumu kinasa sauti chetu: kimezeeka, kitupwe. Mimi na Mrefu, mpiga picha wetu, tumekubali bila ubishi. Nani abishane na Dada kuhusu sauti? Kwa miaka kumi na mmoja ndiye anayevaa hedifoni, na mimi kazi hii amenifundisha yeye. Jumanne ijayo tunamrekodi mkunga mstaafu ambaye sauti yake haizidi mnong'ono. Ameshatuonya kuwa hatakaa mbele ya kamera mara mbili. Kinasa lazima kipatikane wiki hii.

Jumatano, 6 Machi

Muuzaji ametuazima viwili hadi Jumamosi. Cha kwanza ni kidogo, cha kijivu, chaingia mfukoni. Kioo chake kama ukucha. Cha pili ni kizito kama tofali, ila kina safu ya taa zinazopanda na kushuka kufuata sauti — kijani, njano, nyekundu. Dada amekipenda hicho papo hapo. Sababu zake naziandika, kwa kuwa napenda hoja zikae wazi: taa zinaonekana juani, zinaonekana kwa mbali, nyekundu haina ubishi. Muuzaji akamwuliza kama asingependa kusikiliza kwanza. Akacheka, akasema masikio yake yameshasikiliza vya kutosha. Mrefu akadakia kwamba bosi sasa anataka disko. Mimi nimeiona kuwa hoja ya mtu mzoefu. Labda.

Alhamisi, 7 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Tumevijaribu sebuleni kwangu. Nilisisitiza cha zamani nacho kiwemo. Mazoea ya chuo, pasipo cha kulinganishia hakuna ushahidi. Mrefu alisoma gazeti kwa sauti ya chini, akijifanya mkunga, mpaka Dada akamwambia mkunga gani ana kifua cha dereva wa lori. Kisha kila mmoja akasikiliza bila kujua kipi ni kipi, akaandika chake kwenye karatasi.

Mimi na Mrefu tumelingana: cha kijivu kwanza, cha taa mwisho — kinavuma kama mvua juu ya bati. Na katikati ni kile chetu kizee, tulichotaka kukitupa. Safi kabisa!

Dada ameandika: vyote sawa.

Nilidhani nimechanganya rekodi. Nikazipanga upya, nikamwomba arudie. Vyote sawa.

Halafu dakika ya kimya. Ni desturi yetu: kabla ya kufungasha tunarekodi ukimya wa chumba, na Dada huinua mkono akisikia chochote. Jikoni birika likaanza kupiga filimbi, nyembamba, ndefu. Mrefu akanitazama. Dada macho yake yalikuwa kwenye taa, na taa hazikutikisika. Mkono wake ukabaki gotini. Dakika ilipokwisha akasema, "Safi."

Kwa hiyo si kinasa. Au nakimbilia hitimisho? Mwezi uliopita alikuwa na mafua makali. Jaribio moja si ushahidi. Lakini tangu lini anahamisha kiti chake ili anielekee ninapozungumza? Na simu — tangu lini ameanza kuniambia nimwandikie tu?

Ijumaa, 8 Machi

Mrefu amepiga simu asubuhi. Amesema mimi ndiye mdogo wa Dada, kwa hiyo nimwambie mimi. Nimemjibu kwamba Dada ni bosi wake yeye pia. Tukakata simu bila kuamua, watu wazima wenye akili zetu.

Saa kumi jioni Dada amekuja mwenyewe. Hedifoni zake ameziweka mezani, waya umekunjwa vizuri.

"Jana Mrefu alishindwa kuuficha uso wake," alisema. "Kulikuwa na nini?"

"Birika, Dada."

"Muda gani?"

"Karibu dakika nzima."

Ameketi. Hakulia. Ameeleza kwamba sauti nyembamba ndizo zilizotangulia kuondoka. Akazilaumu hedifoni, akanunua nyingine. Kisha akakilaumu kinasa. Nilitaka kumtajia mafua. Akanikatiza.

"Nipime kama mlivyovipima vile vinasa. Niite kwa sauti ya yule mkunga. Andika, na usinionee huruma, mdogo wangu."

Amegeuza kiti, ameuelekea ukuta. Daftari la karibu ni hili.

Hatua mbili: amegeuka.

Hatua nne: amegeuka, kwa kuchelewa.

Hatua sita: hakugeuka. Huenda nimeita chini mno.

Hatua sita, mara ya pili, kwa sauti yangu ya kawaida. Bila kugeuka, ameniuliza kwa upole mbona nimenyamaza.