Kinga ya Bulu Yenye Nilikatala Bachome

Mujukuu wangu Mireille,

Huku Hewa Bora tuko bazima bote, mama yako ameanza kulima shamba yetu ya kule Annexe, inje ya muji. Uliniuliza kama kule Ulaya ununue baiskeli ya bomba nene ao nyembamba. Nakujibu na kinga yangu, ile baiskeli ya bulu.

Wakati wa Zaïre, kila muntu mwenye kupata kinga alikuwa anaipeleka kwanza kwa soudeur, fundi wa kuchoma chuma, bamuchomee chuma ya nondo chini ya bomba ya juu, ili ibebe makala ya kupikia. Mudogo wangu Kalenga alifanya vile. Miye nikakatala. Haikuwa akili, ilikuwa kiburi: sikutaka moto iunguze rangi yake. Kalenga akanicheka miye mukubwa wake: "Yaya, hii bomba iko kama bua ya muhindi!"

Tukatoka Annexe pamoja, kila muntu na mufuko wake ya makala. Mu mashimo, kinga yangu ilikuwa inanesa kidogo, kisha inarudi. Yake ilikuwa inagonga kama nyundo. Mbele ya kufika nyumbani ikakatika, pale pale balichomea.

Nikapandisha mufuko yake juu ya yangu. Kinga ikanesa, ikasimama, haikukatika. Nikaisukuma mpaka nyumbani, Kalenga nyuma yangu na vipande vyake ku bega, bantu banatuangalia.

Basi nunua nyembamba, ya chuma muzuri.

Kalenga amezeeka, na mpaka leo anasema ilikuwa bahati tu. Lakini akiwa na mufuko ya bunga ya muhindi ya kubeba, anakuja kuomba ya bulu.

Miye nkambo yako, mwenye kinga.