Maneno Yaliyobaki Nje ya Kanda

Duka la Nguo la Mahmud,
Mtaa wa Sokoni,
Homa Bay.

9 Desemba 1996

Mpendwa ndugu yangu Zubair,

Asalaam alaikum. Kwanza nakujulia hali wewe, mkeo Nyarangi na watoto wenu wawili huko Sharjah. Kile kikohozi cha mdogo kimepoa? Nyarangi ni muuguzi, najua hawezi kumwacha mtoto akohoe bure, lakini roho ya shangazi haitulii mpaka iambiwe. Sisi hapa miili yetu ni mizima. Desturi ni kuandika kwamba hatuna neno, ila mimi leo siwezi kuandika hivyo, kwa sababu tunalo.

Natumaini telegramu yangu ilikufikia. Baba alifariki alfajiri ya Ijumaa, tarehe 22 Novemba, akasaliwa baada ya swala ya Ijumaa na kuzikwa siku hiyo hiyo. Watu walijaa. Wenye maduka walifunga, na hata akina mama wanaouza samaki, ambao Baba aligombana nao miaka yote kwa ajili ya maji yao machafu mbele ya duka, walikuja wakakaa chini wakalia. Nilitazama njia ya Kisumu siku tatu nzima. Sikukuona, sikupata simu, sikupata neno.

Katika barua yako ya mwisho umetukataza tusikuandikie tena. Nimeisoma amri yako, nami naivunja. Nilikubeba mgongoni ulipougua surua, kwa hiyo ukali wako haunitishi sana.

Zubair, ile kanda ya sauti ya Baba niliyokutumia haikuwa kamili. Kosa ni langu. Nisikilize mpaka mwisho, kisha ukasirike utakavyo.

Uliponiletea ile wokmani ya kurekodi na maiki yake ya kuchomeka, uliandika maelekezo kurasa mbili kama unamfundisha mtoto kufunga viatu. Maiki ichomekwe tundu la pembeni, si tundu la kusikilizia. Kitufe chekundu kibonyezwe pamoja na kile cha kuchezesha. Baba akichoka, nibonyeze kile chenye vijistari viwili kanda isimame, nikibonyeza tena itaendelea. Niliyashika yote hayo. Nilijaribu dukani kwa kurekodi mlio wa cherehani, nikasikia vizuri kabisa, nikajiona fundi.

Tabu ilikuwa Baba mwenyewe. Alisema hawezi kumwambia mwanawe maneno mazito huku anatazamana na bati. Unamjua. Siku nne alinigomea. Siku ya tano, Alhamisi ile ya tarehe kumi Oktoba, nikambania maiki kwenye kola ya kanzu, nikaifunika mashine kwa khanga yangu pembeni ya kitanda, nikamwambia aongee na mimi tu, mimi nitakufikishia. Dolphine alikuwepo. Huyu humjui, ni jirani yetu mpya, mtu wa Rusinga, anauza dagaa wa omena sokoni, na kila alasiri alikuwa akija kunisaidia kumgeuza Baba na kumpikia uji.

Akaanza. Yale uliyoyasikia ndiyo aliyoyasema, sitakuficha wala kuyapamba. Kwamba Mama alikuita mara tatu akikata roho. Kwamba ujumbe ulikufikia pale dukani Migori asubuhi, nawe ukaenda Kisii kwa watu wa mchumba wako. Kwamba ulikuja siku ya pili, udongo umeshakauka. Hata jina la mkeo hakulitaja, alimwita "yule wa Asumbi", kana kwamba shule aliyosoma ndiyo iliyomzaa. Mimi nilikuwa nimekaa pale nimeinamisha kichwa, nikikuonea huruma, na nikimuonea huruma yeye pia, maana kila neno lilikuwa linamchoma mwenyewe kabla halijakufikia.

Basi katikati ya hayo, msikiti ukaadhini alasiri. Na Baba, tangu tuko wadogo, adhana ikianza hata kijiko huwekwa chini. Akainua mkono, akaniambia, "Basi. Zima." Nikaingiza mkono chini ya khanga nikabonyeza vile vijistari viwili.

Hilo ndilo neno uliloniandikia kwamba ni la mwisho. Umesema Baba alimaliza na wewe kwa "Basi, zima", nawe umezima. Zubair, hakuwa anamaliza na wewe. Alikuwa ananyamaza kwa ajili ya adhana.

Akaitikia adhana, akatayamamu, akasali pale pale kitandani ameegemea mito. Alikawia sana kwenye dua. Alipomaliza uso wake ulikuwa umebadilika. Sikuthubutu kumwambia "ngoja niwashe", nilihofia akiikumbuka mashine atafunga mdomo. Nikainua tu ncha ya khanga, nikaona taa nyekundu inawaka, nikaridhika. Nilidhani taa ikiwaka ndiyo inarekodi, labda kile kitufe hakikushika nilipokibonyeza. Sikujua kwamba mashine hiyo ikisimamishwa kwa vijistari viwili, taa inabaki inawaka vile vile. Magurudumu ningeyaona hayazunguki, lakini niliyafunika kwa mkono wangu mwenyewe.

Hayo aliyoyasema baada ya swala ndiyo yaliyobaki nje. Nakuandikia kama ninavyoyakumbuka, na nisichokumbuka sitakitunga. Alisema: "Mwambie Zubair, nami sikumzika mama yangu. Nilikuwa hapa hapa Homa Bay nanunua ngozi. Nilipofika Mombasa, siku ya tatu. Ndugu yangu Abdirahim ndiye aliyeingia kaburini badala yangu. Miaka arubaini nimejificha, nikampigia kelele mtoto wangu kwa dhambi yangu mwenyewe." Kisha akasema: "Nimempa radhi yangu, ya dunia na ya akhera. Na Nyarangi ni binti yangu. Namwomba Nyarangi anisamehe." Alilitaja jina lake, Zubair. Mara mbili.

Nililia mpaka Dolphine akanishika bega.

Utauliza kwa nini sikuisikiliza kanda kabla ya kuituma. Niliona ni amana. Maneno ya radhi ni ya baba na mwanawe, si ya mimi kuyarudisha nyuma na kuyachezesha kama nyimbo za redioni. Nikaifunga kwenye karatasi, nikampa mume wa Sumeya, mwenzangu wa dukani, aliyekuwa anasafiri kesho yake kuja huko kwenu, nikamsisitizia asiiweke karibu na joto. Niliogopa joto. Mjinga mimi, kitu cha kuogopa nilikuwa nimekikalia.

Barua yako ilipofika tarehe 18 Novemba sikuelewa hata kidogo. Niliisoma nikadhani umechanganyikiwa. Nikaitoa wokmani kabatini, nikatia kanda nyingine, nikarudia kila nilichokifanya siku ile. Taa ikawaka, na magurudumu yakakaa kimya. Nilikaa chini sakafuni dukani, mteja akaniita mara mbili akaondoka.

Na kurekodi upya haikuwezekana. Wiki moja kabla ya hapo kiharusi kilikuwa kimemrudia, safari hii kikamchukua ulimi. Alisikia kila kitu, alielewa kila kitu, lakini neno halikutoka. Nilikwenda posta nikapiga ile namba yako ya kazini. Mwanamume mmoja aliniambia hupo. Nikapiga kesho yake, hupo. Nilisikia watu wanaongea nyuma yake, na mpaka leo sijui kama mmoja wao alikuwa wewe.

Ami Abdirahim alikuja kutoka Migori Baba alipozidiwa, akakaa mpaka matanga yakaisha. Nilimweleza. Akakiri kwamba ni kweli, ni yeye aliyemzika Bibi, na kwamba Baba alimwapisha asimwambie mtu yeyote. Kisha akaniambia, kwa nia njema kabisa, "Sauti yangu na ya marehemu ni moja. Lete hiyo mashine, mtoto asiishi na kidonda." Nami nikaileta. Sikufichi hili. Akayasema yale maneno, taratibu, kwa ile pumzi ya kukatika ya Baba, na nilipoyarudisha kusikiliza nywele zilinisimama. Ungeamini. Hata mimi karibu niamini. Nikayafuta usiku huo huo, kwa sababu ungekuja kugundua siku moja, na siku hiyo hata ukweli ungekuwa uongo kwako.

Kwa hiyo sina sauti ya kukutumia. Ninalo hili tu: ichukue ile kanda, kama hujaitupa, utie vile vya masikioni, uongeze sauti mpaka mwisho. Kabla tu ya "Basi", kwa mbali sana, nadhani maiki iliidaka adhana. Kama haisikiki, basi yuko Dolphine. Nilimwambia nakuandikia, akaacha hata kupepeta omena yake akasema, "Hadiya, mwambie mimi niliskia na maskio yangu mbili. Mzee alisamehea huyo kijana kabisa, hata kama mimi si wa dini yenu siwezi danganya juu ya mtu amekufa. Yeye akitaka, anipigie simu hapo posta, nimwambie na mdomo yangu. Mano adier." Hilo la mwisho ni Kijaluo, maana yake hiyo ni kweli.

Ami Abdirahim anakusalimu sana. Sumeya na mumewe wanakupa pole, naye mume anajilaumu bure kwamba pengine aliiharibu kanda njiani, nimemwambia hana kosa. Dolphine anamsalimu Nyarangi ingawa hawajuani. Wanangu wanawaulizia binamu zao.

Limebaki moja, na ningeweza kulinyamazia, lakini nimechoka kunyamaza.

Siku ile barua yako ilipofika, bahasha yake Baba aliiona. Aliijua kwa zile kingo za rangi. Alikuwa amesubiri wiki tano. Hakuweza kuuliza, aliitazama tu, kisha akanitazama mimi, na jicho lake moja lililobaki na nguvu likajaa machozi. Nikaifungua mbele yake, nikaisoma kimoyomoyo. Kisha nikafungua mdomo nikamsomea barua ambayo hukuiandika. Nilisema: "Baba yangu mpenzi, sauti yako imenifikia. Radhi yako nimeipokea kwa mikono miwili. Nyarangi analia kwa furaha, anakuamkia shikamoo. Inshallah Idi hii tutakula nawe." Nilisoma kwa sauti yako, na vile unavyovuta maneno.

Aliufungua mkono akataka karatasi. Nikampa. Macho yake yalikuwa hayasomi tena, nilishukuru Mungu kwa hilo, na kushukuru huko kunaniumiza mpaka sasa. Aliishika siku nne, tukimlisha ameishika, tukimgeuza ameishika. Alfajiri ile kabla ya kumwosha, mimi na Ami tulimfungua vidole kimoja kimoja.

Nairudisha kwako ndani ya bahasha hii. Usishangae ilivyokunjamana. Sikutumii kukuadhibu, ni yako na siwezi kulala nayo nyumba moja. Ila nakuomba, ndugu yangu, ile niliyomsomea uiandike. Baba alikufa akijua umeiandika.

Mungu akupe subira, akuhifadhie watoto wako, na amlaze Baba mahali pema.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata usiponijibu,

Hadiya binti Mahmud