Kwa Nini Sijauza Kiwanja

Neema, mutoto ya dada yangu,

Salamu zako zimetufika hapa Murara. Muguu wa mama yako umepona, ameanza tena kuuza unga sokoni.

Unauliza kwa nini nimekataa kuuza kiwanja anachokaa Mama Riziki, wakati karatasi ziko kwa jina langu na matajiri wa nyumba za etaje, zile za ghorofa, wanagombania mutaa wetu muzima.

Volkano ilipotufunika, mimi nilirudi wa kwanza Goma yote. Lava ilikuwa ingali moto. Nilipikia maharage juu yake bila kuni. Alama za mipaka zote zilizama. Nikapima kwa hatua zangu, nikasimamisha nyumba ya mbao peke yangu. Waliosaidia walishika misumari tu.

Siku ya tatu jirani yangu Mama Riziki, mujane, akarudi na watoto wake. Akazunguka nyumba, akacheka.

«Papa, umelala jikoni mwangu!»

«Mimi? Hatua zangu hazikosei!»

Akaingia, akanionyesha kichwa cha nguzo yake ya mawe kimechomoza nyuma ya kitanda changu. Niliijua. Niliijenga mimi mwenyewe.

Nikangoja anifukuze, na mbao zingine sina. Akasema, «Baki tu. Mimi nitajenga kwenye kiwanja chako. Lava ni ileile.»

Juzi tajiri mumoja akaniambia, «Muzee, karatasi ni zako. Yule mama si mupangaji tu?»

Nikamujibu: «Mupangaji ni mimi.»

Mujomba wako