Leo nimemwambia Bea aksanti

Jumatano. Mvua tangu alfajiri, na bati linapiga kelele mpaka kichwa kinauma. Naandika kwenye simu kwa kidole gumba, nimelala chali, kwa sababu kukaa siwezi.

Huu ni mwezi wa nane tangu udongo uniangukie shimoni tulimokuwa tunachimba madini, upande wa Kakanda. Wenzangu walinifukua nikiwa hai, lakini kuanzia kiunoni kushuka chini sisikii kitu. Binti yangu Bea alikuwa anasomea ualimu Mulungwishi. Aliacha, akarudi Likasi kunitunza, maana mama yake alishafariki. Ananigeuza, ananiosha, anafua.

Sikuwahi kumshukuru.

Naungama hapa: sikusahau. Neno lilikuwa linafika mdomoni, nalimeza. Niliona nikilisema tu, nitakuwa nimekubali kwamba mimi ni mtu wa kubebwa. Basi nikawa natoa amri, kama bado ni kiongozi wa shimo. Maji ni ya baridi. Umechelewa. Shika vizuri.

Leo asubuhi nilijichafua mara mbili kabla ya chai. Nilingoja anung'unike, nipate sababu ya kumfokea. Hakunung'unika. Alipiga magoti akanisafisha, akatandika shuka la mwisho lililokuwa kavu. Vidole vyake vimechubuka kwa sabuni. Vilinitia aibu, na neno likatoka lenyewe.

"Aksanti, mama."

Nilijisikia mdogo, kama nilivyoogopa siku zote. Nikageuza uso ukutani.

Bea alikaa sakafuni akalia. Nilidhani ni furaha. Haikuwa furaha.

"Papa," alisema, "siku ya Mungu, mu kanisa, niliomba Mungu akubebe, ufe. Tangu pale najiona mutu mubaya sana. Na weye unaniambia aksanti?"

Nilitafuta hasira, sikuipata. Nikamwambia ukweli ambao sijamwambia hata padri: mimi naomba hivyo hivyo kila nikiamka.

Alinitazama kwa hofu. Halafu mabega yake yakashuka, akajifuta machozi kwa kitenge.

"Basi hatuko batu babaya," alisema. "Tumechoka tu."

Akabeba beseni, akatoka kufua.

Ningependa kuandika kwamba moyo umekuwa mwepesi. Hapana. Kidonda cha mgongoni kinanuka, na miguu ni ile ile. Ila tangu asubuhi namsikia Bea akiimba huko nyuma ya nyumba. Miezi minane sikumsikia akiimba, na sauti ile inanitisha kuliko kilio chake. Anajiona mtoto mwema sasa. Mtoto mwema haondoki.

Nilimshukuru, au nimemfunga?

Najua neno linalofuata. Ni gumu kuliko la leo: rudi shule, mama. Nimelijaribu peke yangu hapa, kwa sauti ya chini, mara tatu. Kila mara linakatikia katikati, kwa sababu nikilimaliza, nani atanigeuza?